Siku tano Hua Hin baada ya kuchukua mzigo Bangkok: waliofika tupeni ukweli

MamaNguo_Kkoo

Wakuu, habari za jioni.

Kwa wasionifahamu, nina fremu Kariakoo, nguo za kina mama na watoto. Bangkok nafuata mzigo mara mbili kwa mwaka, huu unaingia mwaka wa sita. Na miaka yote hiyo Thailand ninayoijua mimi ni hii: uwanja wa ndege, soko la nguo la Pratunam, jengo la maduka la Platinum, kwa wakala wa kilo, uwanja wa ndege. Bahari yao sijaitia hata kidole gumba.

Safari ya Januari mzee wangu, yaani mume wangu, kasema na yeye anakuja. Kastaafu mwaka jana, kakaa nyumbani miezi minne, sasa ghafla anataka kujua "huko Bangkok unakokwendaga kuna nini." Sawa, aje. Nimemwambia tukishamaliza mzigo tutafute mji wa pwani tupumzike siku tano. Masharti yangu: sitaki kupanda ndege nyingine, sitaki boti (mzee na boti ya Unguja wana kesi yao, tuiache), sitaki mji wa disko mpaka alfajiri. Nataka kuamka, kunywa chai, kuangalia maji, kulala tena.

Bajeti dola 600 kwa wote wawili, tiketi za ndege hazimo. Nimetajiwa Pattaya, Phuket na Hua Hin. Nani kafika?

KobeMkavu

Pattaya, mama. Saa mbili tu kwa gari kutoka Bangkok, na kila kitu kipo.

MamaNguo_Kkoo

Hicho "kila kitu" ndicho ninachokikimbia. Na mzee nitakuwa naye.

KobeMkavu

Hahaha, haya, nakaa pembeni.

JiweLaKijani

Mama, salaam kutoka Arusha. Mimi ni mtu wa vito, nimeenda sana Bangkok na Chanthaburi na vifurushi vyangu mfukoni. Hua Hin nimelala mara saba au nane, na kila mara sababu ni kama yako: biashara imeisha, ndege ni wiki ijayo, hoteli ya Bangkok inakula hela.

Phuket iondoe. Ni mbali, kwa basi unalala njiani, na ndege umekataa mwenyewe. Hua Hin ni kama kilomita 200 kusini-magharibi mwa Bangkok, upande wa Ghuba ya Thailand, mkoa unaitwa Prachuap Khiri Khan. Hakuna boti wala kivuko, ni barabara au reli moja kwa moja.

Ule mji ulikuwa kijiji cha wavuvi. Reli ilipofika mwanzoni mwa karne iliyopita, wakubwa wa Bangkok wakagundua pana upepo. 1923 ikajengwa hoteli ya reli, bado ipo, bustani yake ina miti iliyokatwa maumbo ya tembo. Mwaka uliofuata uwanja wa gofu ukafunguliwa. Kisha mfalme wa saba, Prajadhipok, akajenga ikulu ya mapumziko ufukweni akaiita Klai Kangwon, yaani Mbali na Wasiwasi. Na huko huko ndiko alikokuwa Juni 1932 alipoletewa habari kwamba kule Bangkok wamepindua utawala wake, kuanzia leo atatawala kwa katiba. Wasiwasi ulimfuata mpaka baharini.

Nakupa hadithi hii kwa sababu ndiyo inayoueleza mji. Ni mji wa familia za Bangkok, wa wastaafu, na wa wazee wa Skandinavia wanaokimbia baridi ya kwao. Saa nne usiku sehemu kubwa imeshalala. Baa zipo, zimejazana kichochoro kimoja kinaitwa Soi Bintabaht. Usichukue chumba karibu na hapo, basi.

Sasa kanuni moja tu, nyingine zote unaweza kuzisahau: ingia Jumapili, toka Ijumaa asubuhi. Watu wa Bangkok wanamiminika Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili mchana. Chumba nilicholipia baht 1,100 Jumanne nilikuta Jumamosi ni 1,900, shuka ni zile zile. Ukifika Jumapili alasiri unapishana nao, wao wanatoka wewe unaingia. Na jioni hiyo hiyo unawahi Cicada, soko la usiku la wasanii lililo wazi Ijumaa mpaka Jumapili tu.

Kuhusu bahari nisikudanganye. Kama macho yako yamezoea Paje au Nungwi, maji ya Hua Hin hayatakushangaza. Ni ya kijivu-kijani, mchanga ni mzuri lakini maji si ya kuona vidole vyako. Januari kuna upepo na mawimbi kidogo. Na maji yakijaa, baadhi ya sehemu ufukwe wote unatoweka, unabaki umesimama kwenye ngazi za hoteli umeshika kandambili. Angalia kupwa na kujaa kabla ya kutoka kutembea. Mtu anayekwenda Hua Hin kwa ajili ya maji atarudi ananung'unika. Upepo, chakula na kutokuwa na la kufanya, hivyo ndivyo vya kufuata.

MamaNguo_Kkoo

Mkuu, hiyo ya mwisho umenimaliza. "Kutokuwa na la kufanya" ndiyo nailipia.

Mzee ni mtu wa Kilwa, wavuvi ukoo mzima, kwa hiyo habari ya kupwa na kujaa mwachie yeye. Swali: mzigo niuache mpaka tukirudi au nimalize kwanza? Yeye anataka twende pwani tukishuka tu kwenye ndege.

JiweLaKijani

Maliza kwanza. Nilijaribu kinyume mara moja, nikakaa ufukweni siku tatu napiga hesabu za mawe ambayo sijayanunua. Mzigo ukishapimwa kilo na risiti ya wakala iko mkononi, akili inatulia yenyewe.

Mgeni_Mbagala

Samahani naingilia. Mimi sijawahi kutoka nje ya nchi. Viza ya Thailand unaipataje? Kuna mtu kaniambia unapigiwa muhuri ukifika.

MamaNguo_Kkoo

Aliyekwambia hivyo hakupendi. Sisi wa pasipoti ya Tanzania tunaomba kabla ya safari, na siku hizi ni mtandaoni: thaievisa.go.th. Unapakia pasipoti, picha, taarifa ya benki, tiketi ya kwenda na kurudi, hoteli. Usingoje wiki ya mwisho.

Halafu kuna fomu ya kuwasili, TDAC. Imeanza Mei 2025, inajazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika na ni bure. Ukikuta tovuti inakudai dola, hiyo siyo.

Na kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano! Thailand inaidai kwa wanaotoka nchi zetu hizi, Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi, Rwanda, Kongo. Chanjo iwe imepita siku kumi. Ukishuka Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, usiende moja kwa moja kwenye foleni ya uhamiaji na wenzako wa ndege. Tafuta kwanza dawati la afya, unajaza karatasi, wanaangalia kadi, wanakugongea, ndipo unakwenda uhamiaji. Safari yangu ya kwanza nilisimama foleni dakika arobaini, nikafika mbele, yule kijana akanionyesha kidole kule nilikotoka. Nikaanza upya, na viatu nilivyovaa siku ile nilishavigawa.

Wa_Ngong

Niongeze hapo kutoka Nairobi. Afisa ana haki ya kukuuliza pesa za kujikimu, kiwango ni baht 20,000 kwa mtu mmoja au zinazolingana nazo. Mimi niliulizwa mara moja kati ya safari tatu. Beba dola taslimu, noti za mia, safi, bila kukunjwa wala muhuri. Noti ya mia inapata bei nzuri kuliko za ishirini. Na usibadilishe zote uwanjani, badilisha za nauli tu, zingine mjini. Mashine za benki zinakata angalau baht 220 kila ukichomeka kadi ya nje, iwe unatoa nyingi au kidogo.

Hesabu ya kichwa: baht moja ni kama bob nne. Kwenu ni shilingi sabini na kitu, zungusha iwe themanini usijidanganye.

Mgeni, wewe unaenda kutembea au kuna "kazi" umeahidiwa? Nauliza kwa nia njema. Vijana wetu wengi wameitwa Thailand kwa kazi ya kompyuta au ya kuhudumia wateja, wakafika Bangkok, wakapakiwa gari mpaka Mae Sot, wakavushwa mto kuingia Myanmar na kufungiwa kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni. Kama tiketi umelipiwa na mtu usiyemjua, usipande.

Mgeni_Mbagala

Natembea tu mkuu, hela yangu mwenyewe. Asante kwa kuniuliza lakini.

BintMalindi

Assalaam alaykum jamani. Mie Mzanzibari, naishi Maskati. Tulikwenda Hua Hin mwaka jana sote, mama alikuwa akitibiwa Bangkok, daktari akasema apumzike wiki mbili kabla ya kupanda ndege. Nataka kusema habari ya chakula maana naona wanaume hapa wanasimulia wafalme tu.

Bangkok halali si shida. Mtaa wa Waarabu pale Sukhumvit, Soi 3, utadhani uko Matrah huku kwetu Maskati. Hua Hin ni kutafuta. Nguruwe wao humwita *mu*, na anaingia hata pasipo na dalili, mara kwenye supu, mara juu ya mboga. Jifunze maneno mawili kabla ya yote: *mai sai mu*, usitie nguruwe. La pili *mai phet*, bila pilipili. Hilo la pili huwa hawalisadiki sana.

Angalieni alama ya halali ya almasi ya kijani kwenye pakiti, hata kwenye maduka ya 7-Eleven vitu vingi vinayo. Na wale wauza roti wenye vigari, wengi ni Waislamu. Wanaivuta chapati mpaka unaona mkono upande wa pili, wanavunjia yai na ndizi, wanaikata vipande na kumwagia maziwa mazito. Mama yangu aliyekuwa hali kitu hospitali alikula mbili kasimama.

Samaki na ngisi kila pahala. Soko la usiku la barabara ya Dechanuchit wanawapanga juu ya barafu, unachagua mwenyewe. Lakini uliza bei kwa uzani kabla hajatiwa motoni. Kamba wakubwa wale wana bei ya pete.

JiweLaKijani

Bint, nimekubali kosa. Hiyo ya uzani ni kweli tupu.

MamaNguo_Kkoo

Bint ahsante sana, na mama anaendeleaje sasa? Mzee wangu hali nguruwe wala pweza wa barafu, kwa hiyo *mai sai mu* nimeiandika kwenye karatasi na nitaibandika kwenye simu yake.

Usafiri sasa. Basi au treni?

JiweLaKijani

Ungekuwa unatoka uwanja wa ndege moja kwa moja, kuna basi la Hua Hin linaanzia pale pale Suvarnabhumi ghorofa ya chini, safari ni ya kama saa nne. Lakini wewe utakuwa Pratunam, basi panda treni. Treni ya mjini kutoka Ratchaprarop kituo kimoja mpaka Makkasan, vuka kwa miguu mpaka kituo cha Phetchaburi cha treni ya chini ya ardhi, kaa mpaka Bang Sue. Juu yake ndipo ilipo stesheni kuu mpya, Krung Thep Aphiwat, treni za masafa zimehamia hapo tangu Januari 2023. Ni kubwa kupita kiasi, fika saa nzima kabla.

Treni za haraka zina viyoyozi na bei yake. Za kawaida, daraja la tatu, madirisha wazi, ni chini ya baht 100, lakini nyingi zinaondokea stesheni za zamani na zinasimama kila kijiji. Kama mgongo wa mzee unaruhusu, chukua ya dirisha wazi. Kina mama wanapanda na vikapu, wanauza wali na kuku wa kuchoma, wanashuka stesheni inayofuata.

Mkifika, stesheni mpya iko juu ya nguzo, ilifunguliwa Desemba 2023 pamoja na njia ya pili ya reli. Ya zamani ya mbao, nyekundu na rangi ya maziwa, wameiacha pale pale chini. Kila mtu anapigia picha hapo, na nyinyi mtapiga.

Jambo moja la kuchekesha. Mthai akikwambia mkutane *song thum*, maana yake ni saa mbili usiku. Saa mbili hii hii yetu. Kuanzia jua likizama wanahesabu moja, mbili, tatu mpaka tano kama sisi. Mwaka wa kwanza niliposikia nilitaka kumkumbatia dereva. Baada ya saa sita usiku wanaanza hesabu nyingine, hapo msifuatane nao.

KobeMkavu

Hii ya saa nimeipenda kuliko uzi wote.

DadaMwanza

Mimi nauliza lile ambalo hamjaliuliza. Sisi weusi tunapokelewaje?

BintMalindi

Wanatazama. Hasa vijijini na sokoni. Binti yangu walitaka kushika nywele zake, mmoja aliomba kwa ishara, mwingine hakuomba. Ubaya wa kutukanwa sikuuona. Kuuliziwa dukani "unanunua kweli?" nilikuona mara moja, Bangkok, si Hua Hin.

Na mafuta ya ngozi msinunue hivi hivi! Dukani karibu kila chupa ni ya kuing'arisha ngozi. Nilichukua losheni ya kawaida nikidhani ni ya kawaida, siku ya tatu naona viganja vinacheka na mikono haicheki. Mkorogo mtupu. Bebeni mafuta yenu.

JiweLaKijani

Na nyinyi chungeni yenu: msiguse mtu kichwani hata mtoto, msinyooshe nyayo kuelekea sanamu au mtu, viatu vinavuliwa mlangoni. Habari za mfalme msizifanyie utani, kifungo kinafika miaka 15 na hawana mchezo nazo. Sigara ufukweni marufuku, na zile za umeme ni marufuku nchi nzima. Soketi zao hazipokei plagi yetu ya miguu mitatu, nunua kigeuzi Kariakoo, mama, uko jirani nazo.

Mgeni_Mbagala

Kuna mbuga gani za kutembelea? Nasikia kuna tembo.

KobeMkavu

Tembo? Mimi nimewaona Mikumi nikiwa kwenye basi la Mbeya nakula mahindi.

JiweLaKijani

Wapo Kui Buri, tembo pori, wazungu wanalipa. Sisi tuache. Ila pango la Phraya Nakhon lina thamani ya jasho lake. Ni kama saa moja kusini kwa gari, ndani ya hifadhi ya Khao Sam Roi Yot, jina maana yake milima ya vilele 300. Unapanda mawe karibu nusu saa, kali, kisha unashuka ndani ya pango ambalo paa lake limeporomoka, miti imeota ndani, na katikati kuna banda dogo la dhahabu na kijani lililojengwa 1890 kwa ujio wa mfalme Chulalongkorn. Jua linaliangukia kama saa nne na nusu asubuhi hivi. Chelewa saa moja, umekuta banda kivulini.

Njia fupi ya kuufikia ufukwe wake ni boti ya dakika chache, ya kuikwepa ni kuzunguka kilima kwa miguu. Mzee wa mama achague adui yake.

*Wiki saba baadaye*

MamaNguo_Kkoo

MREJESHO. Mliodhani nimeingia mitini, nipo.

Mzigo ulimalizika Jumamosi usiku, kilo 140, risiti nimeikunja kwenye sidiria. Jumapili tukapanda treni ya dirisha wazi. Mzee alikaa upande wa dirisha kama mtoto, akala wali wa kuku mara mbili, njiani akawa ananitajia mashamba: mnazi ule, nanasi lile, chumvi ile. Kwenye mashamba ya chumvi alisimama kabisa. Kwao Kilwa wanavuna chumvi, akaanza kuwakosoa Wathai wanavyokokota.

Chumba. Tulilipia "kuona bahari". Bahari tuliiona, upana wa mkono mmoja, kati ya kiyoyozi cha jirani na ukuta. Nilishuka chini na picha yao mwenyewe kwenye simu, sikupiga kelele, nikatabasamu kama wao na nikasimama pale mpaka wakachoka. Tukahamishiwa ghorofa ya tatu mbele. Kwa hiyo nawashauri: usilipie siku zote mtandaoni, lipia usiku mmoja, ukifika ukaguse godoro ndipo ulipe zilizobaki. Tulitoa baht 1,300 kwa usiku, chai imo.

Cicada tuliiwahi. Pazuri, taa kwenye miti, vijana wanaimba, lakini mikoba ile ile bei ya Pratunam mara tatu, nikapita nimefumba macho.

Siku ya pili na ya tatu sina cha kusimulia. Niliamka, nikanywa chai, nikaangalia maji, nikalala tena. Kukandwa ufukweni baht 300 saa nzima, bibi mmoja mwembamba ana vidole kama koleo, alinipata fundo la bega lililokaa miaka sita ya kubeba marobota, nikatoa machozi na yeye akacheka.

Mzee ndiye kanishangaza. Bahari aliitazama siku ya kwanza akasema, "Maji machafu haya." JiweLaKijani, ulisema. Lakini usiku tuko kwenye kibaraza, akaona mstari wa taa za kijani huko mbali, upeo wote, kama mji mwingine umeota baharini. Akanyamaza kidogo, akasema, "Wale wako kwenye ngisi." Ni boti za ngisi, wanawasha taa za kijani ngisi wapande juu. Akazihesabu mpaka arobaini na moja. Kwao wanavua dagaa kwa karabai, babu yake alikuwa na chombo.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri kitanda kitupu. Nikamkuta gatini na wavuvi, hana neno hata moja la Kithai, wao hawana la Kiswahili, wameshika nyavu wote wanaonyeshana fundo. Alirudi na ngisi watatu kwenye mfuko na akataka mwenye nyumba amchomee. Kachoma. Kuanzia hapo kila alfajiri alikuwa huko, na mimi nililala mpaka saa tatu. Ndoa ina siri.

Jioni alinipeleka kwa mzee mmoja mwenye baiskeli ya kigari. Ngisi wakavu wametundikwa kwa vibanio juu ya kamba, safu tatu, kama nguo za mtoto mchanga. Unachagua, anamchoma kidogo kwenye mkaa, kisha anampitisha kati ya magurudumu mawili ya chuma yanayozungushwa kwa mkono, anatoka mrefu na mwembamba kama ukanda, anakupa na pilipili tamu kwenye kimfuko. Unatafuna nusu saa. Nilikula kila siku.

Kilimani Khao Takiab tulipanda siku ya nne kwa songthaew ya kijani, ile pikapu yenye viti viwili virefu nyuma, sarafu kidogo tu. Juu kuna hekalu na nyani. Nyani aliniibia kasha la miwani. Si miwani, kasha. Alilifungua, akaangalia ndani, akalitupa chini ya mlima kwa dharau. Mwacheni aje Kariakoo.

Pango hatukwenda. Mzee alisikia neno boti.

Hesabu, kwa siku tano: chumba 6,500, chakula kama 5,200, treni na usafiri wa mle mle 1,400, kukandwa mara tatu 900, mengineyo ngisi. Tumebaki na chenji ya dola mia na kitu.

BintMalindi

MashaAllah. Mama hajambo, nimemsomea hii ya nyani kacheka mpaka kashika mbavu.

Mgeni_Mbagala

Mama, viza yangu imetoka leo! Naomba jina la yule bibi wa kukanda.

MamaNguo_Kkoo

Hongera mwanangu! Jina sikulijua. Kaa karibu na farasi wa kukodi, atakuja mwenyewe.

DadaMwanza

Na mzee kaamini sasa kwamba Bangkok unakwenda kununua nguo tu?

MamaNguo_Kkoo

Kaamini kabisa. Tatizo sasa anataka kuja kila safari, keshanunua na ndoano. Tiketi ya pili ndiyo haikuwemo kwenye hesabu zangu.